Salfa ya Mama Kwenye Kitalu Changu

Kitalu changu cha nyanya kule bondeni Chiola kiliwahi kufa chote. Miche iliota vizuri, kisha ikaoza shingoni na kulala chini kama imekatwa kwa wembe. Ugonjwa huo huitwa kinyausi. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye bonde, akaniambia kavukavu: "Ukiharibu tena, nampa mwingine." Na mimi bonde lingine sina.

Ndipo bwana shamba mmoja wa Nachingwea akanipa unga wa ukungu. Ndiyo, ukungu! Nilicheka. Akasema ukungu huu ni hai, unakula ule unaoua miche. Dawa ya moto ni moto. Nichanganye na samadi iliyooza, nifunike, ninyunyize maji kidogo. Akanikanya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, isisogee pale, maana itaua mlinzi wangu.

Nikafanya hivyo. Samadi ikavaa ukungu wa kijani, nikaitandaza kitaluni, nikasia mbegu. Miche ikatoka imesimama wima. Jamani, nilifurahi! Nikaenda zangu gulioni najiona mkulima.

Niliporudi nilimkuta mama kando ya kitalu, uso wote njano. Alikuwa ametoka kupulizia mikorosho yake. Kwetu msimu huo kila mtu ni wa njano.

"Mwanangu," akasema huku anatabasamu, "kitalu kimeota ukungu, wewe huna habari. Nimekupulizia. Salfa yangu yote nimeimalizia hapa."

"Mama, umeniua!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakaacha majembe. "Nani kakutuma? Nani?"

Nilikuwa nimemweleza habari za ukungu mzuri, akaona nimetapeliwa. Huku kwetu kwenye korosho, ukungu ni adui, ukiuona unapiga salfa, basi.

Miche ikaanza kulala, tuta hadi tuta. Mjomba alikuja, akaangalia, akaguna. Bonde akampa binamu yangu. Nililia kwa hasira, na hasira yote nilimwekea mama. Nikawa nampita uani bila salamu.

Mikorosho ilipochanua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua, ukaingia shambani kwake. Wenzake walipuliza tena. Yeye hakuwa na cha kupuliza, wala hakuja kuniomba hela ya kununua nyingine. Moyo uliniuma, nikamfuata. Nilimkuta chini ya mkorosho, anayasukumia maua meusi yaliyokaushwa na ubwiriunga majanini kwa mguu ili nisiyaone.

"Umekula?" akaniuliza.