Pono wa Ubaoni

Kabla ya kusalimu darasa, mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya Kawajense huchora pono, samaki wa bahari wenye mdomo kama wa kasuku, spishi moja baada ya nyingine kwa chaki za rangi, kwa sababu maabara, kwa aibu yetu sote, haina hata sampuli moja. Kipindi kikiisha huwafuta taratibu kwa leso yake, macho akiyaacha hadi mwisho. Siku moja Nyamizi, aliyeogopa kuwachanganya kwenye mtihani, alimuuliza, "Mwalimu, wewe uliwaonea wapi?"

"Sijawaona, mwanangu. Baharini sijafika."

Darasa likacheka, naye akacheka. Akampa chaki. "Mchore wewe. Ukifika huko, uniandikie nilipokosea."

Nyamizi alichora mpaka kengele ikalia. Mwalimu akafuta ubao wote, akamwacha pono wa Nyamizi.