Barua Niliyoipita
Mimi na mwenzangu kutoka Kisumu tulikuwa tukiandika tasnifu katika chuo kimoja hapa Stockholm, juu ya chama cha wanasayansi wa London enzi za Malkia Victoria. Mimi nilichukua utawala: jinsi wanachama walivyochagua halmashauri kila mwaka, na jinsi kila makala ilivyopelekwa kwa siri kwa wasomaji wawili kabla ya kuchapishwa. Yeye alichukua misaada ya utafiti.

Siku ya semina alisimama akasoma barua iliyonakiliwa katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya chama, ya mjane mmoja aliyekusanya mwani ufukweni. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa mwanachama, lakini halmashauri ilimnunulia hadubini. Makofi yakalipuka. Profesa wetu, ambaye hajawahi kunisifu mbele ya watu, alikwenda kumshika mkono. Kitabu kile nilikisoma mimi kwanza, na barua ile niliipita nikitafuta matokeo ya kura.

Kwenye treni ya kurudi Tumba, tunakokaa sote, akaniambia, "Dada, bila wewe nisingekijua kitabu kile. Hebu tuandike pamoja makala juu ya barua ile."

"Nina kazi nyingi," nikamjibu.

Sikuwa na kazi yoyote. Makala ilitoka kwa jina lake peke yake, na mwishoni amenishukuru. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Sijaliona, na bado inaniuma.