Makopo ya Wifi Chini ya Kitanda

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alitunza stoo ya shule ya bweni miaka thelathini. Alipostaafu akahamia kwangu na tabia zake zote. Chini ya kitanda chake alipanga makopo ya maharage, samaki na maziwa, akayafunika shuka kuukuu. Mimi kusoma nasoma kwa kubabaisha, ila macho ninayo, na yale makopo yaliniwasha. Nikiuliza, ananijibu, "Ya siku ya shida, wifi. Leo una shida gani zaidi ya umbea?"

Shida ikaja. Mto ulibomoa daraja, maduka yakakauka, ndani tukabaki na unga wa siku mbili. Wifi akavuta makopo yake, kifua mbele. Mara akanywea.

Kila kopo alikuwa amelichora tarehe kifunikoni kwa msumari, maana wino, alisema, hufutika. Sasa kutu ilikuwa imeota palepale kwenye mchoro, tarehe nyekundu, inasomeka hata na mimi.

"Umeyaua mwenyewe kwa msumari wako, ndio ulioikaribisha kutu," nikamwambia. Sina ulimi wa kubembeleza.

"Hebu ninyamazie."

Akaketi sakafuni. Miaka minne amenunua kopo mojamoja, na sasa hakujua kama alituwekea chakula au sumu.

"Utajuaje bila kufungua?" nikauliza. Kwa kweli nilitaka kujua.

Akanifundisha. Futa kutu kwa kitambaa. Chini yake chuma kikiwa kizima, weka. Ukiona tundu, hata la ncha ya sindano, tupa. Bonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi, tupa.

Nikapata moja limetuna. "Hili limeshiba tu, wifi. Nionje kidogo?"

"Limeshiba mauti. Uonje ufe, mimi nibaki nagombana na nani?"

Tukabonyeza mpaka vidole vikauma. Kumi na moja tukayafukia shimoni. Yalibaki ishirini na sita, mazima. Wifi akafungua la maharage, akayachemsha sana, akanipakulia. Nikasukuma sahani katikati.

"Tule wote. Nikifa peke yangu utasema nilikuwa mlafi."

Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akala.

Siku ya tisa daraja likapitika. Yalikuwa yamebaki manne. Watu hawajamaliza kushangilia, wifi ameshavaa viatu, yuko njiani kwenda dukani.