Neno Nililomwambia Minza

Siku yangu ya kwanza kazini sikumzalisha mtu. Muuguzi Mfawidhi, yaani kiongozi wa zahanati, alinikalisha mezani akanirundikia kadi za kliniki za wajawazito. Alikuwa mama wa Kifipa, mzito wa mwili, miguu imevimba kwa kusimama miaka mingi. Jina la zahanati naliacha. Ilikuwa nje ya mji wa Mpanda, upande wa wakulima na wafugaji.

“Kabla hujashika tumbo la mtu, soma hizi,” alisema.

Kwenye kadi kuna sehemu ya vidokezo vya hatari. Mama mfupi sana, mama aliyezaa mara nyingi, mwenye kovu la upasuaji, aliyewahi kuvuja damu baada ya kujifungua: hao wote unawawekea tiki na kuwaandikia rufaa, maana yake wakajifungulie hospitali. Sisi hatukuwa na damu ya kumwongezea mtu, wala chumba cha upasuaji.

Mfawidhi akachomoa kadi moja yenye tiki. “Hii inasema nini?”

“Inasema huyu mama atapata matatizo.”

“Haisemi hivyo. Wengi wenye tiki hii watajifungua salama, hata wakizalia nyumbani. Ila wachache wataharibikiwa, na hatujui ni nani kati yao. Hatari siyo utabiri, binti. Ukianza kutabiri, siku ukikosea hakuna atakayekusikiliza.”

Nikaitikia, “Sawa, mama.” Niliitikia upesi kama watoto wa shule wanavyoitikia.

Baadaye nilipelekwa kituo cha kando ya ziwa, kwa wavuvi, nikakaa miaka mingi. Halafu nikarudishwa huku bara, safari hii mimi mwenyewe nikiwa mfawidhi. Tulikuwa wawili tu, mimi na mhudumu wa afya. Asubuhi kliniki, mchana chanjo, na uchungu wa mama hauangalii ratiba. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ili mjue nilikuwa nimechoka siku Minza alipokuja.

Minza alikuwa mke wa kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wao ulihamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na mwenye kovu akipata uchungu, kovu linaweza kuachia na mfuko wa uzazi ukachanika. Nilimweleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara alitabasamu akasema atamwuliza mume wake. Mara ya nne nikampandishia sauti mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi.

“Minza, ukizalia nyumbani utakufa. Umenisikia? Utakufa.”

Minza akaacha kutabasamu. Nami, nasema ukweli, nilifurahi kuona safari hii ameogopa.

Minza alizalia nyumbani na hakufa. Baada ya wiki mbili alikuja kumpima mtoto uzito, mtoto mnene, mashavu yamejaa. Akina mama walimpigia vigelegele huku wakinitazama mimi. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Mwaka uliofuata akaja Holo, mke wa Masanja, kaka mkubwa wa mume wa Minza. Ilikuwa mimba yake ya sita. Uzazi uliopita kondo la nyuma lilichelewa kutoka, akavuja damu mpaka akazimia. Kwenye kadi yake niliweka tiki mbili. Safari hii niliongea taratibu, nikamwomba aende mjini wiki tatu kabla ya siku zake, akakae karibu na hospitali. Masanja alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi.

“Nesi, Minza ulimwambia atakufa,” alisema. Hakuwa mkali. “Yule yuko nyumbani, anakamua ng'ombe.”

“Minza alikuwa na bahati.”

“Na huyu je, hana bahati?”

Holo mwenyewe ndiye aliyenishinda zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alifunga kadi yake kwenye pindo la kanga, akaniambia, “Nesi, wiki tatu mjini ni msimu wote wa kupanda. Tusipopanda, hawa watano watakula nini mwakani? Hiyo nayo siyo hatari?”

 Kwenye kadi hakuna mahali pa kuandika njaa ya mwakani. Nikaandika kile tunachoandika siku zote: “Kashauriwa kujifungulia hospitali. Amekataa.”

Walimleta saa nne asubuhi kwa pikipiki, amekaa katikati, Masanja nyuma amemkumbatia. Mtoto alishazaliwa nyumbani, mzima. Kondo halikutoka. Kanga mbili zilikuwa zimeloa na kiti cha pikipiki kilikuwa chekundu. Nilimchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nikaweka dripu mikono yote miwili, nikalitoa kondo kwa mkono, nikamkanda tumbo mpaka vidole vikafa ganzi. Damu haikukata. Mhudumu alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa limempeleka mgonjwa mwingine, likimshusha litakuja.

“Nesi,” Holo alisema, “nasikia baridi.”

Nilimfunika shuka, kisha koti langu la kazi. Gari lilifika. Halikukuta tena mgonjwa wa kumpeleka.

Kila mama akifa kwa uzazi hufanyika kikao cha kujadili kifo chake. Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto alikuja na wenzake wawili wakakaa kwenye benchi lile lile la kliniki. Alikuwa mtu wa haki, mwenye miwani, anayeongea polepole.

“Alishauriwa?”

“Alishauriwa.”

“Imeandikwa?”

Nikampa kadi. Alisoma yale maneno, akampa mwenzake naye akasoma. “Basi kwa upande wa zahanati hakuna uzembe,” alisema, na kila mtu akashusha pumzi. Hakuna aliyeniuliza habari za Minza. Nami sikuzitaja. Walipoondoka nilifagia chumba kile mara mbili ingawa kilikuwa safi.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, nikastaafu, nikajenga Shanwe, hapa hapa mjini Mpanda. Kwenye sherehe ya kuniaga walisema nimewaokoa akina mama wengi. Labda ni kweli. Aliyeokoka huwezi kumjua, kwa sababu hakuna kilichompata. Ninayemjua ni Holo. Nyie mnaoanza kazi sasa mna simu, mna mafunzo, mna vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Lakini mtachoka kama nilivyochoka mimi, na mtatamani kumtisha mtu ili mambo yaishe.

Mwaka jana Masanja alinitafuta mpaka akafika kwangu. Amekuwa mzee, meno ya mbele yameng'oka. Alikuja na Kabula, binti yake wa kwanza kwa Holo, mjamzito, mfupi sana.

“Mayu,” aliniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, “naomba akae kwako mpaka ajifungue. Sitaki kusubiri pikipiki.”

Kabula alikaa kwangu wiki nne. Uchungu ulipoanza tulienda hospitali, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshajifungua, bila kuchanika, bila damu kupita kiasi. Masanja alipokuja kuwachukua alimpakata mjukuu, akafikiri kidogo.

“Kumbe hata nyumbani angezaa tu.”

“Angeweza.”

“Sasa tulihangaika kwa nini?”

“Kwa sababu hatukujua, Masanja. Hata mimi sikujua. Na Minza naye sikujua kama atakufa. Nilisema tu, ili aogope.”

 Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Alimrudishia Kabula mtoto, akainama kufunga mzigo wao, na aliongea akiwa ameinama hivyo hivyo, hanitazami.

“Ungeniambia hivyo siku ile mlangoni, mayu. Kwamba hujui. Ningemleta.”