Natafuta Dereva wa Bodi

Mpaka leo nikikatiza kwenye maegesho ya malori hapa Tunduma navuta mtandio usoni, na bora niwaambie mwenyewe kwa nini, maana wengine wakisimulia wanatia chumvi.

Shangazi Eliza, ninayeishi naye, ana mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea mimi, na siku hiyo ilikuwa imejaa mayai ya kuku wa kuchi aliyoyahangaikia mpaka Galula. Asubuhi, yeye akiwa sokoni, ile bodi ya elektroniki inayoongoza joto ikafa. Nilikuwa na nyingine mpya, ya Kichina, ndogo kama kiberiti, ila lazima kwanza uichomeke kwenye kompyuta uipe maelekezo, na kompyuta yangu haikuiona kabisa. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha, wapi. Mayai yanapoa. Tatizo nililijua: ilikosekana programu ndogo ya kuitambulisha bodi kwa kompyuta, ambayo watu wote wanaiita draiva. Wote isipokuwa mimi, kwa sababu nafundisha kompyuta na nilikuwa nimejiapiza kutumia Kiswahili safi (msicheke bado).

Jirani yetu Amosi anayajua mambo hayo, hapokei simu lakini kwenye group la mtaa hakosekani, basi nikaandika huko: "Natafuta dereva wa bodi ya Kichina, haraka. Kompyuta haiitambui. Ndani kuna mayai, yataharibika."

Hebu usome ujumbe huo kama mtu wa Tunduma, ambaye bodi kwake ni ya lori na kompyuta ni ya forodha. Mimi sikuurudia kuusoma.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee Haruna, msafirishaji wa mtaani kwetu, na dereva wake Kassimu, blanketi begani, leseni mkononi, katolewa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia ili aniokoe (na foleni yetu mnaijua). Nyuma yao majirani, na nyuma ya majirani shangazi, mbio kutoka sokoni, kitenge kinaburuta.

"Mayai yangu umeyavusha mpaka, umeyapeleka Nakonde?" akaniuliza, karibu kulia.

"Yapo ndani, shangazi."

"Gari liko wapi, binti?" mzee Haruna akauliza kwa upole.

Nikawaonyesha bodi juu ya meza. Kassimu akainama, akaitazama vizuri pande zote, akasema, "Sasa mimi nakaa wapi?"

Walicheka wakashikana mabega, na mimi aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto. Shangazi hakucheka. Alikwenda kwenye mashine akawa anayagusa mayai kwa kiganja, moja moja, na hilo ndilo liliniuma.

Amosi akanitumia hiyo draiva, nikaiweka, na bado kompyuta ikagoma, kwa sababu kwa kiwewe sikuchagua aina ya bodi kwenye programu, huku mtu mlangoni akishauri tumwite wakala wa forodha. Nilipochagua, ikakubali. Nikaipa bodi maelekezo, nikaifunga kwenye mashine, taa ikawaka, shangazi akakaa chini sakafuni.

Mayai mengi yalianguliwa, namshukuru Mungu. Siku hizi nasema draiva, kama watu wengine, na sitarudia tena kumtafuta dereva kwenye group. Jogoo wa kwanza kukua, shangazi alinituma nimpelekee Kassimu kwa ile foleni aliyoipoteza. Akampokea, akamkagua mbawa, akaniuliza kama huyu kompyuta inamtambua.