Unyoya wa Kanga kwenye Maji ya Miyombo

Juzi, mvua za vuli zilipoanza hapa Morogoro, niliamka asubuhi nikakuta baraza limejaa mbawa. Kumbikumbi walikuwa wameifuata taa ya nje, mijusi na kuku wa jirani wakala miili, zikabaki mbawa tu, nyepesi, za rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Mjukuu wangu akachukua ufagio akazisukumia mtaroni pamoja na majani ya mwembe. Sikumkataza. Nilikaa tu na kikombe changu mkononi, na pikipiki za barabarani zikanipotea masikioni. Nikausikia Mto Miyombo.

Wewe uliyekulia karibu na mto utanielewa. Mto haukai kichwani kama picha. Unakaa kama sauti, halafu siku moja kitu kidogo kinaifungulia.

Kwetu ni kati ya Kilosa na Mikumi, upande ule ambao reli ya kwenda Kidatu inapita. Zamani tulikaa mbali na barabara, kwenye kona ya mto, nyumba zetu zimetawanyika kila moja na migomba yake. Maji ya kona ile yalikuwa ya kijani, ya kina, na chini yake kulikuwa na mawe ambayo sisi watoto tuliyajua kwa nyayo. Tuliteka maji hapo, tukafua hapo, tukasugua masufuria kwa mchanga. Na hapo ndipo Bibi, mama yake baba, alipovua.

Wanawake wengine walivua kwa vikapu, tena baada ya masika, maji yanapopungua na kuacha madimbwi yenye kambale. Bibi alivua kwa mwanzi na ndoana, kama mwanamume, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Alijifunga kitenge juu ya magoti, akasimama ndani ya maji, kimya. Ukimsemesha hakujibu. Ukirusha jiwe alikutazama mara moja tu, nawe ukaenda kucheza mbali.

Msimu wake hasa ulikuwa mwanzo wa vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha na jua likarudi mchana, vichuguu vilifunguka na kumbikumbi wakaruka kama moshi. Sisi tuliwakimbilia na masinia. Tuliwakaanga bila mafuta, na chumvi kidogo, nyumba nzima ikanukia kama karanga. Lakini wengi walianguka mtoni, na pale ndipo samaki walipopanda. Si kambale, huyo hukaa chini kwenye matope. Ni wale samaki wa mkondo, wenye magamba ya rangi ya shaba, wanaokula juu ya maji. Bibi alichukua kumbikumbi mzima, akamchoma kwenye ndoana ndogo, akamwacha aelee. Jioni tulikula samaki wa kubanika na ugali, na mchuzi wa nyanya na ndimu, na mikono yetu ilinukia moshi hadi shuleni kesho yake.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Viongozi walifika kiangazi kimoja, wakaitisha mkutano, wakaeleza kwamba watu wote watakaa pamoja kando ya barabara, penye shule, zahanati na bomba. Baba yangu aliliafiki jambo lile kwa moyo. Alikuwa ametembea mbali mno utotoni kutafuta shule, hakutaka sisi tutembee hivyo. Mama akaanza kufunga vyombo. Bibi aliuliza swali moja tu, kama mto nao utahamishwa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku lori lilipokuja alipanda mwenyewe juu ya magunia, akakaa ameupa mgongo upande tunaokwenda. Mwanzi wake wa kuvulia aliuacha darini. Baba alipotaka kuufuata, alimwambia kwa lugha yetu ya nyumbani: "Uache. Mto mmeniondolea nyinyi. Mimi sitaufuata tena kwa miguu yangu."

Baba alidhani ni hasira za siku moja. Haikuwa hivyo. Kijiji kipya kilikuwa cha mistari, nyumba zimepangwa kama madawati, na kutoka kwetu hadi mtoni palikuwa na mwendo wa kawaida tu, watoto tuliukimbia bila kuhema. Bibi hakwenda hata mara moja. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, ameelekea upande wa mto. Alijibu salamu na basi. Chakula alikigusa akakirudisha. Mganga wa zahanati alimpima, akasema haoni ugonjwa, akampa vidonge vya kuongeza damu, navyo nilivikuta chini ya mkeka. Kiangazi kilipokaribia kuisha mikono yake ilikuwa imekonda hadi bangili zikamtoka zenyewe. Jioni moja nilimsikia mama akimwambia baba kwa sauti ya chini kwamba mzee huyu hataiona masika.

Wakati huohuo shule yetu ikapata mwalimu mpya. Kijana, mrefu, mtu wa milimani upande wa Mbeya, ambaye alivaa sweta hata jua la Kilosa lilipokuwa linachoma. Kwao kuna mito ya maji baridi ambamo wazungu walikuwa wakivua kwa manyoya, na yeye utotoni aliwabebea vikapu hadi akajifunza. Alikuwa na mwanzi mwembamba uliochongwa vizuri, na mshipi mnene wa kusuka alioupaka mafuta ya kondoo ili uelee. Mwishoni mwa mshipi hakuweka nyama wala nyungunyungu. Aliweka ndoana iliyovikwa unyoya.

Siku za Jumamosi alikwenda pale pale kwenye kona yetu ya zamani, akasimama kwenye mawe, akaurusha ule mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kabla ya kuuachia. Kijiji kilipata kichekesho. Tulisema mwalimu anayachapa maji viboko. Mfugaji mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe ng'ambo, ambaye kwao hawali samaki kabisa, alisimama siku moja akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu mwalimu anayaswaga maji kuelekea wapi.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilimfuata kila Jumamosi kwa sababu nilikuwa na hamu ya mto. Nilimwonyesha mawe yalipo na mahali maji yanapozunguka. Na kwa kuwa nyumbani hakuna aliyeongea na Bibi isipokuwa kumsihi ale, mimi nilimsimulia. Nilimweleza juu ya sweta, mshipi wenye mafuta, viboko. Alitazama mbele kama hasikii.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Jumamosi ile mwalimu alipata samaki watano wa mkondo, akanipa wawili nipeleke nyumbani. Nilimkuta Bibi mahali pake. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Niliwaweka samaki mbele ya mkeka, juu ya jani la mgomba, na Bibi akainama. Alimfungua mmoja mdomo kwa kidole, akatazama jeraha la ndoana.

"Chambo gani?" akauliza.

"Unyoya, Bibi."

"Unyoya wa nini?"

"Wa kanga. Wale wa porini."

"Samaki wa Miyombo hali unyoya," akasema.

Mwiko wa mama ulikuwa umenyamaza. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu mahindi yavunwe. Akaomba kisu, akampasua samaki tumboni, akapanga vilivyomo juu ya jani, kimoja kimoja. Kulikuwa na vichwa vya kumbikumbi na mbawa zilizojikunja. Akanionyesha. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba mwalimu anawadanganya watoto wa watu. Nilipoapa kwamba nimeona kwa macho yangu, alinitazama kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Usiku ule alikula. Alisema anataka kuonja kama samaki huyo ana ladha ya manyoya. Alimaliza upande mzima, nasi tuliogopa kumkatiza.

Jumamosi iliyofuata nilikuta amekwisha kujifunga kitenge. "Nipeleke nikamwone huyo mwalimu wako," akasema. Mama aliinama akajifanya anachochea moto.

Tulikwenda polepole. Alisimama mara nyingi kupumua, na mimi nilisimama naye. Njia ilipita kwenye nyumba yetu ya zamani, na nilikuwa nimeiwaza sehemu hiyo tangu tulipotoka. Paa lilikuwa limeanguka. Miti yake mizuri ilikuwa imechukuliwa. Boga lililojiotea lenyewe lilikuwa limetambaa hadi mlangoni na kuingia ndani kama mwenye nyumba. Bibi alipekua kwenye nyasi za paa hadi akauona mwanzi wake. Alipouinua ulimkatikia mikononi, laini kama biskuti iliyolowa. Mchwa walikuwa wameula wote ndani, wakaacha ganda.

Nilijua tutarudi nyumbani. Nilikwisha kugeuka. Yeye aliviweka vile vipande chini, akakung'uta viganja, akachuma boga moja akanibebesha. Kisha akaendelea kuelekea mtoni.

Mwalimu alipomwona alitoka majini na kuinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayelisha samaki manyoya?"

"Ndiye mimi, bibi."

Alinyoosha kiganja, na mwalimu akamwekea ile ndoana. Aliigeuza, akaipuliza, unyoya ukatikisika. Ulikuwa na vidoa vyeupe, umefungwa kwa uzi mwekundu na kupakwa nta ya nyuki. Mawingu yalikuwa yamefunguka na joto limepanda, na mara vichuguu vya ng'ambo vikaanza kutoa moshi ule ninaoujua. Kumbikumbi wakajaa hewani. Maji yakaanza kutoboka hapa na pale, samaki wakipanda. Mwalimu akarusha, na mbele ya macho ya Bibi akamtoa samaki mmoja, kwa unyoya mtupu.

Kisha akamkabidhi mwanzi. "Karibu, bibi," akasema, akarudi nyuma.

Bibi hakuyachapa maji. Aliingia hadi magotini, mahali pake palepale, akauteremsha unyoya juu ya mkondo taratibu kama anavyoteremsha kumbikumbi. Ukaelea. Ukazunguka jiwe kubwa. Sikumwona samaki, niliona tu mwanzi ukipinda hadi ncha ikagusa maji. Bibi alivutwa hatua kadhaa, maji yakamfika kiunoni, nami nikarukia kitenge chake nikakishika. Mwalimu alikuja mbio.

"Niache," Bibi akamwambia.

Walivutana, yeye na kile kilichokuwa chini. Niliisikia pumzi yake ikikwaruza, na nilihofia moyo wake kuliko nilivyohofia maji. Mara mshipi ukakatika, mwanzi ukanyooka kwa kishindo. Samaki alikwenda na unyoya.

Bibi alisimama akitazama pale maji yalipofungika. "Haya," akasema. "Sasa yuko mmoja humo ndani aliyekula unyoya."

Akacheka. Alitoka majini, akakaa juu ya jiwe, na kicheko kikageuka kilio. Hakulia siku ya lori. Hakulia miezi yote ile. Alilia sasa, mikono mapajani, kitenge kikichuruzika, akiitaja nyumba yake na mumewe aliyeijenga na migomba yake mmoja mmoja. Mwalimu alitembea mbali kidogo akajishughulisha na mshipi. Mimi nilikaa karibu naye na boga langu. Alipomaliza alinawa uso kwa maji ya mto, akauliza kama nina njaa.

Tangu siku hiyo alikwenda kila Jumamosi. Mwalimu alimtafutia mwanzi mpya kutoka milima ya Vidunda. Yeye alijifunza kufunga unyoya kwa uzi wa kushonea wa mama, na jogoo wetu alitembea shingo wazi vuli nzima. Mwalimu naye alijifunza kumchoma kumbikumbi mzima kwenye ndoana bila kumwua. Walisimama mbali mbali, kila mmoja kwenye maji yake, na kutwa nzima waliweza kusemezana maneno mawili. Mkono wake ukajaa tena, bangili zikatulia. Hakuwahi kukipenda kile kijiji. Ila alianza kuwasalimia majirani kabla hawajamsalimia, na samaki waliozidi alituma tuwapelekee.

Mwalimu alihamishwa baada ya miaka michache. Bibi alimfungia samaki wakavu kwenye majani ya mgomba, na baba akamsindikiza hadi stesheni ya Kilosa. Yeye mwenyewe Bibi aliziona masika nyingine nyingi. Alipofariki alizikwa palepale kijijini ambako hakutaka kuhamia. Alichagua mahali mwenyewe, akasema hataki kuwachosha watu kumbeba.

Mwaka jana nilikwenda Kilosa kwenye harusi, nikakodi bodaboda hadi kule. Vilima vimekatwa miti kwa mkaa, mashamba yameshuka hadi ukingoni, na kila masika udongo wa juu unaingia mtoni. Miyombo umetanda, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unafika kifundo cha mguu. Ile kona ya kijani imejaa mchanga kabisa. Sikuwalaumu watu, wanahitaji kula kama tulivyohitaji sisi. Lakini nilimwuliza kijana wa bodaboda kuhusu samaki wa magamba ya shaba, naye akaniuliza wanafananaje, na nilipoeleza niliona kwamba anasikiliza kwa heshima tu.

Nilivua viatu, nikatembea juu ya mchanga nikitafuta mahali Bibi alipokuwa akisimama. Nilijaribu kupima kwa reli, kwa kilima, kwa mpindo wa ukingo. Hatimaye nikasimama mahali fulani nikajiambia ni hapa, au karibu na hapa, na nikafumba macho nione kama nitausikia.

"Shikamoo, bibi."

Alikuwa msichana wa umri kama wangu wa wakati ule, mpira wa matambara mkononi, na wenzake wakisubiri nyuma yake.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Samahani, bibi. Umesimama golini."

Nikawapisha.