Kidole Kilichoacha Kuuma

Jamani, hakuna wagonjwa wabishi kama wapanda miamba. Mtu kidole kimemvimba hawezi hata kushika kijiko, lakini ukimuuliza anakujibu, "Aa, kimekaza tu kidogo." Dada Tepu, kama walivyomwita kwa zile tepu alizowafunga vidoleni, alikuwa amewazoea. Chumba chake cha tiba kilikuwa nyuma ya ukumbi wa kupandia, stoo ya zamani iliyokuwa bado inanuka mpira, na ndani mlikuwa na kitanda kimoja, tepu za kila upana, na ndoo ya mchele. Mchele huo haukuwa wa kupikwa. Ulikuwa wa wagonjwa kuchimba kwa vidole ili virudi na nguvu taratibu, na haikupita siku bila mjinga mmoja kuuliza mboga iko wapi.

Zamani yeye mwenyewe alipanda. Bega lilimwachisha, akaenda kusomea tiba ya viungo, akarudi palepale kuwahudumia waliobaki. Mmoja wa waliobaki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye ndiye aliyemfunga kamba kiunoni kwa mara ya kwanza. Walimwita Kupe, maana aking'ang'ania jiwe hang'oki. Shule ilimshinda, useremala ukamshinda, dukani hakumaliza hata wiki. Jiwe tu ndilo halikumshinda. Sasa kocha wa ukumbi alikuwa anachagua timu ya mashindano, na kwa umri aliokuwa nao, Kupe asipochukuliwa safari hii, basi tena.

Halafu, wiki chache kabla ya majaribio, kidole cha pete cha mkono wa kulia kikalia ta! akiwa ukutani. Ukumbi mzima ukasikia.

Dada Tepu alimweleza kama anayemweleza mtoto. "Ona mkanda wa suruali yako. Unakaa kiunoni kwa sababu ya vile vitanzi. Ndani ya kidole kuna ukano, huo ndio mkanda, na kuna vitanzi vinavyoubana kwenye mfupa. Chako kimoja kimechanika nusu. Ukikiacha, kitashika. Ukikivuta, kitaachia chote, na vya jirani vitafuata. Hapo hata mpasuaji atakurudishia kidole cha kushikia kikombe, si cha kushikia jiwe."

"Sasa nifanye mazoezi gani?"

"Miguu, tumbo, mgongo. Na kuchimba mchele."

"Mchele, Dada!"

"Mchele, Kupe. Na usining'inie popote."

Waliishi nyumba moja na mama yao. Dada Tepu akaung'oa ubao wa mazoezi ya kuning'inia kwa vidole uliokuwa juu ya mlango wa Kupe, akaufungia kabatini. Kupe akakubali bila neno, na hilo lilitosha kumshtua mtu yeyote mwenye akili zake. Kupe, akubali! Lakini Dada alifurahi, akajiambia hatimaye mdogo wangu amekua.

Amekua wapi! Alifanya kile wanachofanya wote: kujijaribu. Si mazoezi, ati, ni kuangalia tu kama kimepona. Alijining'iniza kidogo kwenye fremu ya mlango wa bafu, kikauma, akashuka. Kesho yake akaangalia tena. Mtu anabandua kidonda kila asubuhi aone kama kimekauka, halafu anashangaa hakiponi. Dada Tepu aligundua siku alipopanda stuli kubadilisha balbu ya bafuni. Juu ya fremu, mahali ambapo hakuna mtu wa kugusa, palikuwa peupe kwa ile chaki wanayojipaka mikononi.

Alishuka, akaikalia ile stuli. Hasira zikampanda, zikashuka, akabaki na woga mtupu. Akaenda kazini akimsubiri Kupe aje, ammwagie yote aliyokuwa nayo moyoni.

Hakuwahi. Kupe aliingia mbio, meno yote nje. "Dada! Hakiumi tena! Tangu jana hakiumi!"

Kocha alikuwa nyuma yake, naye anacheka. "Jumamosi namtaka kwenye majaribio. Mfunge tepu nzuri."

"Kimeachaje kuuma?" Dada akauliza.

"Jana nilikijaribu kidogo, kikalia tena, halafu maumivu yakakata. Nadhani kilikuwa kimepinda, sasa kimekaa sawa."

Dada akamwomba kocha awapishe, akafunga mlango, akamwambia Kupe akunje kidole polepole. Chini ya ngozi ukano ukainuka, ukaachana na mfupa, kama mkanda kwenye suruali isiyo na vitanzi. Hakikuuma kwa sababu hakukuwa na kilichobaki cha kuvutika.

"Nibane kwa hicho tu," akasema, akampa kidole chake.

Kupe akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dada Tepu alisikia kama ameguswa na mtoto mchanga.

"Mbona hakibani?" Kupe akauliza, bado anatabasamu kidogo.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Dada, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mkono ule. Kupe akamtazama, akakitazama kidole, na tabasamu likamwisha.

"Basi siugusi tena ule mlango wa bafu," akasema harakaharaka. "Kweli, Dada. Nipe huo mchele. Nitachimba, nitapumzika, hata mwaka mzima. Safari hii nakusikiliza."

Wiki zote zile alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Akaivuta ndoo, akaiweka katikati ya magoti ya Kupe.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Chimba."